Hayati Edward Moringe Sokoine na vita dhidi ya tamaa katika ofisi za umma

Mkazi wa Kata ya Bagamoyo, mjini Tukuyu, anaposafiri kilomita zipatazo 70 kupanda Mbeya kutazama mpira, huketi katika uwanja uitwao Sokoine. Tukuyu Stars ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, mwenye jina hilo alikuwa amefariki dunia miaka miwili tu kabla, na hapakuwa na mtu mzima wilayani Rungwe aliyehitaji kuelezwa alikuwa nani. Leo hali ni tofauti. Vijana wengi hulitamka jina la Sokoine kama jina la uwanja, la barabara au la chuo kikuu, na wanaojua kidogo zaidi husema tu kwamba alikuwa Waziri Mkuu mkali.

Ukali alikuwa nao, lakini si ukali uliompa nafasi yake katika historia ya utumishi wa umma nchini. Viongozi wakali wamekuwapo wengi. Hayati Edward Moringe Sokoine anakumbukwa kwa sababu aliikabili tamaa pale inapokaa kwa utulivu zaidi, yaani katika meza ya mtumishi mwenye kalamu na mhuri, na kwa sababu njia aliyoitumia iliacha maswali ambayo Taifa lilichukua zaidi ya miaka kumi kuyajibu.

Sokoine alizaliwa Agosti 1, 1938 Monduli, mkoani Arusha, katika jamii ya Wamasai. Alisoma Monduli kisha Shule ya Sekondari ya Umbwe mkoani Kilimanjaro, na mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, akajiunga na chama cha TANU. Mwaka 1962 alikwenda Ujerumani Magharibi kusomea utawala. Aliporejea alipewa kazi ya utendaji katika Wilaya ya Masai, kazi iliyomkutanisha kila siku na mambo madogomadogo ya serikali: kodi, mifugo, maji, malambo, ugomvi wa malisho. Wengi walioandika juu yake huruka haraka kipindi hiki kufikia uwaziri. Hata hivyo, ni vigumu kumwelewa Waziri Mkuu wa mwaka 1983 bila kumkumbuka mtendaji huyu wa wilaya, aliyejifunza mapema kwamba mwananchi wa kijijini haijui Serikali kwa hotuba, bali kwa namna anavyopokewa na karani.

Mwaka 1965 wananchi wa Masai walimchagua kuwa Mbunge. Miaka miwili baadaye Rais Julius Kambarage Nyerere alimteua kuwa Waziri Mdogo katika wizara iliyosimamia mawasiliano, uchukuzi na kazi. Mwaka huo wa 1967 ndio mwaka wa Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 5. Sokoine alikuwa na umri wa miaka 28.

Wasomaji wa leo hulijua Azimio hilo zaidi kwa utaifishaji wa mabenki na viwanda. Kwa viongozi wa wakati ule, sehemu iliyowagusa mwilini ilikuwa ile ya miiko ya uongozi. Kiongozi wa TANU au wa Serikali alitakiwa awe mkulima au mfanyakazi. Hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi katika kampuni ya binafsi, kupokea mishahara miwili au zaidi, wala kuwa na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo hayakuishia kwa mawaziri. Yaliwafikia maofisa wa ngazi za juu na za kati serikalini na katika mashirika ya umma, watu ambao baadhi yao walikuwa wamekopa fedha kujenga nyumba za kupangisha katika miaka ile ya mwanzo ya Uhuru.

Wapo waliotii. Wapo pia waliohamishia mali kwa watoto na ndugu, wakabaki na mikono mitupu machoni pa watu na mifuko iliyojaa kwa jina la mwingine. Miiko ilizuia kumiliki. Haikuweza kuzuia kutamani, na haikuona mbele kwamba siku moja kalamu ya mtumishi ingekuwa na thamani kubwa kuliko nyumba.

Sokoine alipanda ngazi bila kelele. Mwaka 1970 alikuwa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais, na mwaka 1972 akawa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Februari 13, 1977, siku nane baada ya TANU na Afro-Shirazi kuungana na kuzaliwa Chama Cha Mapinduzi, aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu akichukua nafasi ya Rashidi Mfaume Kawawa. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Alianza kazi katika wakati mgumu kuliko ulivyoonekana. Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Tanzania ikalazimika kujijengea upya shirika la reli, la ndege, la bandari na la posta. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Vita iliyofuata, ambayo Sokoine alishiriki kuisimamia upande wa Serikali kwa kukusanya magari, vyakula, mafuta na watu, iliisha mwaka 1979 kwa ushindi uliokula akiba ya fedha za kigeni. Mwaka huohuo bei ya mafuta ilipanda tena katika soko la dunia. Viwanda vikakosa vipuri na malighafi, na madukani rafu zikaanza kuwa tupu.

Hapo ndipo panapostahili kusimama kidogo, kwa kuwa bila kuelewa uhaba wa miaka ile hauwezi kueleweka uovu ulioota ndani yake.

Sabuni, sukari, mafuta ya kula, unga wa ngano, khanga, betri za redio na mabati zilikuwa bidhaa za mgao. Bei zake zilipangwa na Tume ya Bei ya Taifa. Bidhaa zilitoka kiwandani au bandarini zikapitia mashirika ya umma hadi kampuni za biashara za mikoa, zilizojulikana na kila mtu kwa herufi zake tatu, RTC. Kutoka RTC zilipaswa kwenda katika maduka ya ushirika na ya vijiji, na huko zigawanywe kwa kaya. Katika kila hatua palikuwa na karatasi ya kusainiwa, na nyuma ya kila karatasi palikuwa na mtu. Tofauti kati ya bei ya Serikali na bei ya mlango wa nyuma ilikuwa kubwa kiasi kwamba mtu aliyepata kibali cha mifuko michache ya sukari aliweza kukiuza kibali chenyewe, asiione hata sukari, na akapata fedha kupita mshahara wake wa mwezi.

Mshahara huo nao ulikuwa umenyauka. Bei zilipanda mwaka hadi mwaka, mishahara ya watumishi ikabaki nyuma. Mwalimu, askari, karani wa ghala na nesi walijikuta hawawezi kufika mwisho wa mwezi. Wengine walifuga kuku na kulima bustani nyuma ya nyumba. Wengine waligeuza nafasi zao kuwa shamba. Kosa la nesi aliyebakiza mche wa sabuni kwa ajili ya wanawe na kosa la meneja aliyeelekeza lori zima kwa mfanyabiashara rafiki yake yaliitwa kwa jina moja, ulanguzi, ingawa kila mtu alijua hayalingani.

Kwa mkulima, hali ilikuwa chungu zaidi. Vyama vikuu vya ushirika, pamoja na vya mikoa ya kusini-magharibi, vilivunjwa mwaka 1976 na kazi zake kupewa mamlaka za mazao. Mkulima wa kahawa wa Rungwe aliyekuwa akiuza kupitia chama chake sasa alikabidhi zao kwa mamlaka yenye makao mbali, akasubiri malipo, na alipoyapata akakuta dukani hakuna cha kununua. Katika wilaya za mipakani mwa nchi, jibu la wengi lilikuwa magendo: zao linavuka usiku, sabuni na nguo zinarudi. Mzigo haukuvuka peke yake. Ulihitaji mtu wa kizuizini wa kugeuza uso, na dereva wa gari la umma wa kuubeba.

Sokoine aliondoka katika uwaziri mkuu Novemba 1980, na Cleopa David Msuya akashika nafasi hiyo. Hali ya uchumi iliendelea kudidimia licha ya Mpango wa Taifa wa Kujihami Kiuchumi wa mwaka 1981. Februari 24, 1983 Mwalimu Nyerere alimrejesha Sokoine. Kipindi chake cha pili hakikufika hata miezi kumi na minne, lakini ndicho kinachosimuliwa hadi leo.

Mwezi mmoja tu baada ya kurejea, mwishoni mwa Machi 1983, vyombo vya ulinzi na usalama vilianza msako nchi nzima dhidi ya watu waliopewa jina jipya: wahujumu uchumi. Jina hilo halikuchaguliwa ovyo. Mlanguzi alikuwa mtu wa mtaani aliyeuza ghali, na watu wengine hata walimwonea huruma. Mhujumu uchumi alikuwa adui wa nchi, sawa na aliyevamia mpaka. Kiongozi aliyekuwa Waziri wa Ulinzi na kisha Waziri Mkuu wa wakati wa vita alihamishia lugha ya vita katika ghala la sukari, na wananchi, waliochoka foleni, walimwelewa mara moja.

Mamia ya watu walikamatwa katika wiki za mwanzo. Walikuwemo wafanyabiashara, watumishi wa mashirika ya umma na baadhi ya watu waliokuwa na dhamana katika uongozi. Maghala yalifunguliwa yakakutwa na bidhaa ambazo siku iliyotangulia hazikuwepo nchini, kwa mujibu wa kaunta za maduka. Wenye hofu walizitoa usiku na kuzitupa vichakani, mitaroni na baharini. Noti nazo zilichomwa au kufichwa na watu waliojua hawataweza kueleza walikozipata. Wananchi waliripoti majirani, wapangaji waliripoti wenye nyumba, na si kila taarifa iliyotolewa ilitokana na uzalendo.

Kinachosahaulika katika masimulizi ya msako huo ni mahali Sokoine alipoelekeza lawama. Ingekuwa rahisi kuwaachia wafanyabiashara mzigo wote, hasa wale wa asili ya Asia ambao tayari walikuwa wakinung'unikiwa mitaani. Katika hotuba zake alirudia kwamba mfanyabiashara hawezi kujaza ghala la bidhaa za umma bila mtumishi wa umma kumfungulia. Aliwataka viongozi wa chama, wa Serikali na wa mashirika wajisafishe kwanza. Alifanya ziara za kushtukiza, akauliza maswali ya hesabu, akataka kuona leja na siyo kusomewa taarifa. Watumishi waliowahi kumpokea walijifunza kutomwandalia risala ndefu.

Yeye mwenyewe aliishi maisha ya kawaida kwa mtu wa cheo chake, na hilo lilimpa uhalali wa kusema. Katika nchi ambayo watu walikuwa wamezoea kusikia maonyo dhidi ya ubadhirifu kutoka kwa watu waliokuwa na sukari ya kutosha nyumbani, tofauti hiyo ilionekana.

Haki inadai pia kwamba upande wa pili usemwe. Msako ulianza kabla ya sheria. Bunge lilipitisha sheria maalumu dhidi ya uhujumu uchumi Aprili 1983, na sheria hiyo ikapewa nguvu ya kurudi nyuma ili kufunika ukamataji uliokwisha kufanyika. Mashauri yaliondolewa katika mahakama za kawaida na kupelekwa mbele ya baraza maalumu. Mshtakiwa hakuruhusiwa dhamana wala wakili. Mwanasheria yeyote wa leo akiisoma sheria ile atashtuka, na hata wakati ule wapo waliosema kwamba Serikali iliyojengwa juu ya usawa haiwezi kumhukumu mtu huku imemfunga mdomo.

Lawama nyingine ilitoka mitaani, na huenda ndiyo iliyouma zaidi. Watu walihesabu waliokamatwa wakaona dagaa wengi na papa wachache. Mwenye duka dogo aliyekutwa na katoni za sabuni chini ya kitanda alilala rumande. Mkubwa aliyesaini kibali kilichozalisha katoni hizo alikuwa na muda wa kupata habari, jamaa wa kumwonya na gari la kuhamishia mzigo. Mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, iliyokusudia kila mwenye uwezo afanye kazi ya halali. Katika utekelezaji wake mijini, mkono ulianguka juu ya wachuuzi, wauza vitumbua na vijana wasio na kitambulisho, watu ambao shughuli zao ndogo ndizo zilizokuwa zikilisha familia za watumishi wenye mishahara isiyotosha. Hapo msako ulipoteza sehemu ya heshima yake.

Sokoine hakuwa kipofu kwa hili, na mwenendo wa miezi yake ya mwisho unaonyesha mtu aliyekuwa akitafuta njia nyingine pamoja na ile ya nguvu. Mfano ulio wazi ni usafiri wa Dar es Salaam. Mabasi ya Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, yalikuwa yamepungua mno, na magari ya watu binafsi yalibeba abiria kinyume cha sheria, yakilipa chochote kwa askari wa barabarani ili yapite. Mwaka 1983 Serikali iliyaruhusu magari hayo kufanya kazi kwa leseni. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo mitaani iliitwa dala, na kutokana nayo likaja jina daladala. Kwa uamuzi huo mmoja, rushwa ya kila siku ya barabarani ilipoteza sababu yake ya msingi, kwa kuwa kosa lililokuwa likilipiwa halikuwa kosa tena. Pale ambapo msako uliwakamata watu, leseni iliondoa chambo. Ni somo ambalo watunga sera walilifanyia kazi kwa upana zaidi kuanzia bajeti ya mwaka 1984, waliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na kibali cha sukari kikaanza kupoteza thamani yake taratibu.

Sokoine hakuiona bajeti hiyo. Aprili 12, 1984, baada ya mkutano wa Bunge kumalizika mjini Dodoma, aliondoka kwa gari kurejea Dar es Salaam. Eneo la Dakawa, karibu na mto Wami mkoani Morogoro, gari lililokuwa likitokea upande wa pili, likiendeshwa na mkimbizi kutoka Afrika Kusini, liligongana na gari lake. Alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 45. Jioni hiyo Mwalimu Nyerere alilitangazia Taifa msiba huo kupitia Redio Tanzania, na waliomsikia wanakumbuka sauti iliyokuwa ikishikwa kwa shida. Kwa kuwa marehemu alikuwa na maadui wengi, uvumi ulizuka haraka, na haujaisha kabisa hata leo. Kumbukumbu rasmi zinakitaja kifo chake kuwa cha ajali.

Alizikwa Monduli Juu. Aprili 24 Salim Ahmed Salim aliapishwa kuwa Waziri Mkuu. Julai mwaka huohuo, Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichokuwa Morogoro kilianza kazi kikiwa chuo kikuu kinachojitegemea, kikapewa jina lake: Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kijiji kilicho karibu na mahali alipofia kinaitwa Wami Sokoine.

Sheria yake kali haikumpita kwa muda mrefu. Mwaka huohuo wa 1984 ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na Sheria ya Makosa ya Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupangwa, ambayo hadi leo ni Sura ya 200 ya sheria za nchi. Neno alilolipa umaarufu lilibaki. Baraza maalumu liliondolewa, na mashauri hayo yakarudishwa mikononi mwa Mahakama Kuu, ambako mshtakiwa ana haki ya kutetewa na wakili. Katika mwaka huohuo Katiba ilifanyiwa marekebisho na kuingizwa sura ya haki za msingi za binadamu. Kwa kufuatana kwa karibu namna ile, mambo hayo mawili yanaonyesha kwamba Taifa lilikuwa limeanza kukubali kwamba mwizi wa mali ya umma naye ana haki mbele ya sheria.

Miiko ya mwaka 1967 ilikuwa na mwisho wa namna nyingine. Februari 1991, kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM kilichofanyika Zanzibar kilifungua milango: kiongozi aliruhusiwa kuwa na hisa, kupangisha nyumba na kuwa na kipato zaidi ya kimoja. Wapo waliolihesabu hilo kuwa ni kukubali ukweli wa maisha, kwa kuwa wengi walikuwa wakifanya hayo kwa siri. Wapo waliolihesabu kuwa ni kuvunja ukuta bila kujenga uzio. Uzio ulijengwa mwaka 1995 kwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13, inayosimamiwa na Sekretarieti ya Maadili iliyotajwa katika ibara ya 132 ya Katiba. Kiongozi sasa hakatazwi kumiliki. Anatakiwa kueleza anachomiliki.

Mwaka mmoja baadaye, mwaka 1996, Rais Benjamin William Mkapa aliunda tume chini ya Jaji Joseph Sinde Warioba kuchunguza kero ya rushwa. Katika taarifa yake, tume hiyo iliweka katika maandishi jambo ambalo mwaka 1983 halikupata nafasi. Ilitenganisha makundi mawili ya wala rushwa: wale wa ngazi za chini wanaopokea kwa sababu kipato chao hakiwatoshi kuishi, na wale wa ngazi za juu ambao kipato chao kinawatosha, lakini wanasukumwa na tamaa na kujilimbikizia. Dawa ya kundi la kwanza ni mshahara na mazingira ya kazi. Kundi la pili halitibiwi kwa mshahara, kwa kuwa hakuna mshahara unaolitosheleza. Nyavu za Sokoine zilikuwa zimewavua wote pamoja, na kwa vile wenye njaa ndio walio wengi na ndio wasiojua kujificha, wao ndio waliojaa ndani yake.

Mwaka 2007 ilitungwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa iliyounda TAKUKURU ya sasa, yenye ofisi hadi wilayani, Rungwe ikiwemo. Tamko la mali na madeni nalo hujazwa na kila kiongozi wa umma anayetajwa katika sheria na kuwasilishwa kabla ya Desemba 31 ya kila mwaka. Kiongozi huandika mali yake, ya mke au mume wake, na ya watoto wake walio chini ya umri wa miaka 18. Ndugu, marafiki na watoto watu wazima, ambao baadhi ya viongozi wa mwaka 1967 waliwakabidhi nyumba zao, hawamo katika fomu hiyo.